Supu ya Nato kwa Waheshimiwa

Alhamisi, 12 Septemba
Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba bakteria akishakufa amenyamaza. Hanyamazi! Ukuta wa seli yake huvunjika vipande, na kila kipande ni kama kofia ya mwizi iliyookotwa uani. Mwizi hayupo, lakini mwenye nyumba akiiona kofia atapiga kengele na kuweka walinzi. Mwili hufanya vivyo hivyo. Nililifundisha hilo mpaka nikastaafu. Wanafunzi walisinzia.

Sasa nimepata wa kunielewa: Waheshimiwa. Ndivyo tunavyowaita viwavi wa hariri hapa kijijini, na mbele yao hata sauti hushushwa. Mke wangu Masae amewapanga ghorofani kwenye trei. Msimu uliopita wengi walilegea, wakageuka weusi, wakafa. Mwanetu amepiga simu kutoka mjini Takasaki: wakifa tena, mforsadi wote wanaoulisha viwavi ung'olewe, tupande viazi vya konyaku. Masae alimjibu, haya. Kisha akaenda kupangusa majani ya mforsadi, moja moja, hadi giza likaingia. Sikupenda kuona hivyo. Shamba lile ni la mama yake.

Mpango: kuwachanja Waheshimiwa kwa siri. Bakteria nitawapata wapi? Kwenye nato! Soya zilizochachushwa, zinazovuta utelezi, zimejaa bakteria tele. Nitachemsha, watakufa, kuta zitavunjika, kinga itaamka. Kizuizi ni kimoja tu: Masae hataki nato karibu na nyumba wakati wa ufugaji. Hata harufu yake.

Jumamosi, 14 Septemba
Nimechemsha kwenye kibanda cha zana. Jirani yetu Tokuzo, ambaye vifuko vyake vya hariri husifiwa kila mwaka, akachungulia. Akauliza, Mwalimu, umefukuzwa jikoni? Nikasema natengeneza gundi. Akanusa. Akasema gundi hiyo ingeshuka vizuri na wali wa moto. Mtu huyu hana adabu.

Masae alipotoka kukata majani, nikapanda na pampu ya kunyunyizia maua. Trei za kushoto zikapata supu. Za kulia sikuzigusa, ili nilinganishe. Sayansi ni sayansi.

Jumatatu, 16 Septemba
Wa kulia wanatafuna hadi wanasikika nyumba nzima. Wa kushoto hawali. Wameinua vichwa tu, kama wajumbe wanaosubiri mkutano uishe. Dalili njema! Mwili uliopigiwa kengele huwalisha walinzi kwanza, kukua kunasubiri. Nilitamani sana kumweleza Masae. Nikakumbuka ni siri.

Akaniuliza, Baba, hawa wa kushoto wana nini? Nikasema wanatafakari. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumatano, 18 Septemba
Tokuzo alikuja kuwaona. Akasema wa kushoto wamedumaa. Akaongeza, kwa kunong'ona maana tulikuwa mbele yao, Mwalimu, umewatungia mtihani, nini? Masae akacheka. Yangu macho.

Nimeongeza kipimo maradufu. Gesi iliisha kabla supu haijachemka sawasawa, lakini povu niliona. Yatosha.

Ijumaa, 20 Septemba
Balaa! Wa kushoto wamelegea kama kamba iliyolowa. Wengine weusi tayari.

Niliketi ngazini nikawaza kwa utaratibu. Ndipo nikakumbuka somo nililokuwa nikiliandika ubaoni kwa chaki nyekundu: bakteria wa nato akiona taabu hujifungia ndani ya punje ngumu, na maji yanayochemka hayamtoi humo. Kwa hiyo niliwapa Waheshimiwa vipande vya kuta, sawa. Niliwapa pia wenye kuta zao, wazima, wenye njaa. Kofia na mwizi kwa mpigo! Na walinzi walikuwa wameshachoka kukimbilia kofia.

Nikamwambia Masae yote. Hakupiga kelele, maana mbele yao hatupigi kelele. Sijawahi kuishukuru desturi hiyo kama leo. Akasema kwa sauti ya chini sana, Baba, shuka. Na hiyo pampu shuka nayo.

Akamwita Tokuzo. Wakazitoa trei za kushoto, wakazichoma nyuma ya nyumba, wakamwaga chokaa sakafu nzima kuua ugonjwa. Chokaa ilikuwa ya Tokuzo. Hakutania hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma.

Masae amesema wa kulia wakilegea, atampigia mwanetu mwenyewe, aje na trekta.

Jumatatu, 23 Septemba
Nimekatazwa ghorofani. Nakaa chini nikisikiliza dari. Kutafuna kumekoma! Wamekufa, au wameanza kusokota vifuko? Masae akashuka kuchukua chai. Nikauliza. Akapuliza chai, akanywa, akasema, wanasokota. Akapanda tena. Nikagundua nilikuwa nimesimama.

Jumatatu, 30 Septemba
Vifuko vimevunwa. Ni vya trei za kulia tu, lakini vyeupe na vigumu, na ukivitikisa vinalia. Mpokeaji wa ushirika wa wafugaji alivisifu, na Tokuzo alikuwepo! Masae amempigia mwanetu: mforsadi unabaki, na konyaku aipande kwenye roshani yake. Ameweka sharti moja kwangu. Nisikanyage ghorofani, wala nisiwape Waheshimiwa kitu chochote, hata salamu.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Wa kulia walikaa chumba kimoja na wa kushoto. Ni wazi kwamba vipande vya kuta vilipeperuka hewani vikawafikia kidogo kidogo, kwa kipimo barabara. Maana yake chanjo imefaulu! Kilichopungua ni joto. Sufuria ya presha huziua hata zile punje. Na sharti la Masae halikugusia kuku wetu wa uani.

Masae yuko kwa dada yake hadi jioni. Naenda kununua sufuria ya presha.