Jasho la Shingoni

Jumatatu, 3 Novemba 2014
Imefika! Pleisteshoni ya nne, mashine ya gemu ya kwanza ya aina yake Kasulu nzima. Nimeibadilisha na pikipiki yangu kwa jamaa wa Manyovu, nikarudi nimepanda lori la maharage. Sijuti. Wallahi, jasho la mchezaji linaonekana shingoni! Mpaka nyasi zimechorwa mojamoja! Nimeziangalia hadi chai ikapoa. Melkiadi, mwenye chumba cha gemu ng'ambo ya barabara, na ile ya tatu yake, kwisha habari yake.

Jumanne, 4 Novemba
Wateja wachache chumbani kwangu cha gemu. Nimewaonyesha jasho. Wakauliza liko wapi. Nikawaambia wasogee, wakasogea mpaka pua zikagusa kioo. Mmoja akasema ni vumbi. Vumbi! Tulipotoka ya pili kwenda ya tatu watu walipiga mayowe, mmoja akamwaga karanga zake zote. Leo wamevuka barabara kwa Melkiadi.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemtaka Melkiadi tushindanishe picha za mashine zetu. Runinga mbili sawa, mechi ileile, mashine zimefunikwa kanga. Sheria ni ileile ya pedi za kuchezea gemu: anayefungwa anapisha. Atakayeshindwa afunge chumba. Kauliza nani ataamua. Nikasema mimi, kwa kuangalia picha tu, maana mjini hapa mwenye jicho ni mimi tu. Kakubali haraka. Bwege!

Ijumaa, 7 Novemba
Baada ya swala watu wamejaa. Mke wangu Swaumu kazipanga mashine sisi tukiwa nje. Nikaingia. Loh, ile ya kushoto! Jezi ina mikunjo, nyavu zinacheza, na jasho, jamani, jasho! Machozi yalinilenga. Nikahutubia juu ya uzuri wake, nikapigiwa makofi. Nikavuta kanga.
Ya tatu. Ya Melkiadi.
Swaumu alicheka, kisha akaacha. Akauliza tutakula nini sasa. Imeniuma.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimefunga chumba. Melkiadi, muungwana yule, kaniajiri nisimamie foleni yake. Kaisifu hotuba yangu.

Jumapili, 9 Novemba
Nimeelewa! Kosa ni runinga. Ndogo mno, uzuri wote ule ungekaa wapi? Jamaa wa Manyovu anayo pana kama mlango, na yuko tayari kupokea cherehani. Ya Swaumu ndiyo inayotulisha sasa, lakini shida hiyo ni ya siku chache tu. Mwenyewe kaenda harusini Kibondo. Nimeshaifikisha stendi, nasubiri gari lijae. Atafurahi huyo!