Malalamiko Kuhusu Mkia wa Kitenzi cha Kiholanzi

Ndugu Msimamizi wa Kamusi ya Mtandaoni,

Baada ya salamu za heshima: mimi ni mwalimu mstaafu wa sarufi, miaka thelathini na minne ubaoni, na kwa siku tatu sasa ni mhariri wa kujitolea katika kamusi yenu, upande wa vitenzi vya Kiholanzi. Tangu jana nimefungiwa. Naomba nifunguliwe kabla ya Ijumaa, kwa sababu zifuatazo.

1. Binti yangu ameolewa na kijana ambaye mama yake huandika Kiholanzi tu. Mama huyo aliniandikia: "Ik zeg het bezoek van zaterdag af." Nikafungua kamusi yenu. "Ik", mimi. "Zeg", umbo la kitenzi kusema. "Bezoek", ziara. Nikaelewa kwamba anaitangaza ziara ya Jumamosi. Ile "af" ya mwisho nilidhani ni kifupi cha afya, yaani ananitakia afya njema.

2. Nikamjibu siku hiyohiyo kwamba nyumba nzima inashangilia, na kwamba mwaka huu hatujapata habari tamu kama hiyo. Jumamosi tukakaa sebuleni na nguo za pasi tangu saa tatu asubuhi. Hakuja mtu. Kumbe "zeg" na "af" ni kitenzi kimoja, na maana yake ni kufuta miadi! Kichwa kiko huku, mkia kule, na katikati imepita ziara na Jumamosi nzima. Sasa binti yangu akimpigia mama mkwe wake, simu haipokelewi.

3. Nikaona heri niwakinge wengine. Niliunganisha vitenzi arobaini na kimoja, kikiwemo "zegaf". Mhariri wenu ajiitaye Mpenda Viambishi akavitengua vyote kabla chai yangu haijapoa, akaniachia ujumbe: "Shikamoo mzee wetu. Hicho kitenzi hakikukatwa na kamusi, kimezaliwa hivyo." Shikamoo nimeipokea. Hoja nimeikataa, nikavirudisha vyote, ndipo nikafungiwa. Mwanafunzi akija na shati nje, hatusemi amezaliwa hivyo.

4. Isitoshe, katika sentensi tegemezi vipande hivyo hurudiana, tena mkia ukiwa mbele: "afzeg". Na jambo likishapita, huandikwa "afgezegd", "ge" akiwa amejibana katikati yao kama shemeji asiyejua kuaga. Wanandoa wakiishi hivyo, ukoo huitisha kikao.

Kwa hiyo naomba Kiholanzi kiagizwe kutumia vitenzi vizima, na mama mkwe aandikiwe barua yenye muhuri kwamba kosa ni la kamusi.

Wasalimu wahariri wote, hata Mpenda Viambishi. Mke wangu anawasalimu pia, ingawa anasema yeye aliuliza mapema hiyo "af" ni nini.

Wako katika usahihi,
Mwalimu Mstaafu

Tanbihi: Kabla sijatuma barua hii, mama mkwe ameandika, tena kwa Kiswahili, akitumia kamusi yenu. Binti yangu alikuwa amemtumia ujumbe, "Baba hali tangu Jumamosi." Akatafuta "hali", akadhani anasalimiwa, akajibu kwamba hata yake ni nzuri. Alipoelezwa kwamba ni kuhusu kula, aliniuliza: mtu akila husemwa "anakula", asipokula "hali", je, "ku" imekwenda wapi? Mkia wa Kiholanzi, anasema, angalau hukutwa mwisho wa sentensi. Nimemwandikia kurasa saba, na ya saba inasema imezaliwa hivyo. Vitenzi vyake viacheni kama vilivyo. Mimi nifungulieni ukurasa wa "kula".