Pembe Nne za Marehemu Humaidi

Uvumi huu uliingia Gongoni, mtaa wetu wa Tabora, mwezi wa maembe, na kila nilipoufukuza ulinirudia, kama nyuki aliyekwisha kuonja sukari. Bombani niliusikia. Kwa muuza mkaa niliusikia. Hata kwenye foleni ya sukari, ambako watu huwaza sukari tu, niliusikia: kwamba marehemu Humaidi, mfanyabiashara wa asali na nta, kabla hajafa aliiambia tepurekoda yake mahali zilipofukiwa pembe za ndovu za babu yake, zile zilizobaki siku misafara ilipokoma kwenda pwani.

Mimi nina watoto watatu wenye masikio mepesi. Majembe yetu mawili nikayahamishia chini ya kitanda. Kumbe aliyepaswa kufichiwa jembe alikuwa bado yumo kwenye treni.

Jina lake Nassibu. Alikuwa mrefu, safi, shati la mikono mirefu, na mfukoni kalamu tatu ambazo hata moja haikuwa na wino. Kule Goweko alipata kutengeneza saa za watu. Zilirudi kwa wenyewe ziking'aa, ila hazikuwa na haraka tena. Igalula, wakati watu wazima walipoanza kusomeshwa, aliwauzia miwani wale wasiojua herufi, akawaambia wavae tu, kusoma kutakuja kwenyewe. Sasa alikuwa ameshuka Tabora, anakunywa chai ya rangi kwenye hoteli ya karibu na stesheni, na mhudumu anamsimulia habari ya mashine ya Humaidi.

"Ila haisemi," mhudumu alimalizia. "Imekufa tangu mvua za mwaka jana."

Nassibu akaweka kikombe chini polepole.

"Mashine haifi, ndugu yangu. Mashine huugua. Huyo mjane anakaa wapi?"

Mjane ni Bi Fakhria. Nyumba yake ina baraza pana na kiwanja kirefu nyuma, na siku hiyo alikuwa barazani anashona kofia.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Vuta kigoda."

Nassibu akajitambulisha kuwa ni fundi wa mitambo, anapita tu, na kwamba amesikia nyumba hii ina mgonjwa. Bi Fakhria hakuhitaji kusukumwa. Alikuwa na jambo moja tu moyoni mwaka ule mzima.

"Baba yake Masika alijua hataifikia siku hii," alisema. "Alikaa na hiyo mashine mchana kutwa, akamwekea mwanawe dua ya harusi. Nami nilimwapia kuwa Masika ataisikia siku ya ndoa yake, kwa sauti ya baba yake mwenyewe. Ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Na mashine imeninyamazia."

Mtu mwingine angeona haya. Nassibu alifungua mkoba, akatoa kile kipimo cha masikioni cha madaktari, alichokipata kwa njia ambayo daktari mwenyewe hakuijua. Akakiweka juu ya tepurekoda, akafumba macho.

"Usipumue, mama."

Bi Fakhria akaacha kupumua.

"Anakumbuka kila kitu," Nassibu akatangaza. "Ila amesusa."

"Amesusa nini?"

"Kusema. Hizi za Ulaya ndivyo zilivyo. Nani amemuudhi?"

"Mimi nimuudhi wapi, jamani? Kila Ijumaa namfuta vumbi."

"Kwa kitambaa cha rangi gani?"

"Chekundu."

Nassibu akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyefiwa.

Akaomba mashine, mkanda wenye sauti, na kopo la asali ya kulainishia magurudumu. Mashine alipewa, asali alipewa. Kuhusu mkanda, Bi Fakhria alisema, "Mgonjwa mpeleke hospitali. Maneno yake yatabaki kashani mwangu."

Asali nusu aliilia mkate. Nusu, kwa sababu hata tapeli ana heshima ya kazi yake, aliitia ndani ya mashine.

Kisha akaenda kwa Muhanna, mdogo wake marehemu, mwenye duka la vitambaa lililobaki rafu tupu na kipande kimoja cha marekani. Muhanna alikuwa ameziota zile pembe mpaka amekonda.

"Nitaisemesha," Nassibu alimwambia. "Lakini fundi anayetembea kwa miguu huchelewa."

"Chukua baiskeli yangu."

"Na huenda tukahitaji kuchimba."

"Chukua na sururu. Ila wewe ukishasikia, uufute huo mkanda. Shemeji yangu ana moyo mwepesi. Habari za mali zitamsumbua bure."

"Una huruma sana, bwana Muhanna."

"Watu wengi hawajui," akasema Muhanna.

Hapo Nassibu akapata tatizo ambalo halikuwahi kumpata katika kazi yake: alitakiwa kutengeneza kitu kweli. Alibonyeza kila kinachobonyezeka. Aliipiga ubavuni. Aliigeuza juu chini, asali ikamdondokea kwenye kiatu. Mwishowe akaifunga nyuma ya baiskeli, akaipeleka kwa Josepha.

Josepha ni mtengeneza vyerehani, na pia ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Bi Fakhria hakuwahi kumpelekea tepurekoda kwa sababu Josepha ni wa vyerehani, na sote tulifikiri hivyo hivyo, kana kwamba gurudumu la cherehani huzunguka kwa dini nyingine.

"Inafanya nini?" Josepha aliuliza.

"Imesusa."

"Nimekuuliza inafanya nini."

Josepha akaichomeka plagi, jambo ambalo fundi wetu siku mbili zote hakulikumbuka. Taa ndogo ikawaka. Ndani pakanguruma.

"Umeme unafika," Josepha alisema, kama mtu anayejisemea. "Mota inazunguka. Magurudumu ya juu hayaendi. Basi kilichokatika ni kile kinachoviunganisha." Akafungua kwa bisibisi. Raba iliyokuwa ikizungusha magurudumu ilikuwa imeyeyuka kama lami. "Na hii asali ni ya nini?"

"Wateja," Nassibu akasema. "Hawasikii."

"Hm. Nahitaji mpira mwembamba. Madukani hakuna." Macho yake yakatoka nje, yakatua kwenye baiskeli. "Ile ni yako?"

"Ndiyo. Hapana. Ndiyo."

Josepha akatoa tyubu ya gurudumu la mbele, akaikata pete nyembamba, akaivisha mahali pake. Magurudumu ya tepurekoda yakaanza kuzunguka.

"Na baiskeli itakwendaje?"

"Kwa kusukumwa. Hii mashine ya nani?"

"Ya marehemu baba yangu."

Josepha alikuwa ameigeuza, na chini aliona jina la Humaidi limechorwa kwa msumari. Yeye alikuwepo mazikoni kwa Humaidi, na aliwajua watoto wote wa marehemu. Walikuwa mmoja, naye ni msichana.

Nassibu hajafika nusu ya njia na baiskeli yake ya kusukuma, Josepha alikwisha ingia kwa Bi Fakhria kwa mlango wa nyuma. Walichozungumza sikukisikia. Kicheko nilikisikia, maana kilifika bombani.

Kesho yake asubuhi Nassibu akaleta mashine, imefunikwa kwa taulo kama mtoto mchanga.

"Amekubali kusamehe, mama. Ila kitambaa chekundu basi."

Bi Fakhria akatoa mkanda kashani, akauvisha, akabonyeza. Pakakwaruza. Kisha Humaidi, aliyelala makaburini miaka minne, akakohoa kidogo na kusema:

"Mimi Humaidi. Katika kiwanja changu hiki nimefukia pembe nne..."

Kidole cha Bi Fakhria kikashuka. Kimya.

"Mbona unazima, mama?"

"Moyo unaniuma. Yaliyobaki ni ya Masika."

"Alisema kiwanja... kipi hicho?"

"Hikihiki, baba. Alipenda sana kwenda kusimama kule nyuma, penye mpapai. Sikujua kwa nini."

Nassibu akageuza shingo kutazama nyuma ya nyumba. Pembe nne za ndovu, hatua thelathini kutoka alipokaa. Hapo hapo akamfukuza Muhanna katika hesabu zake za kugawana, na akaona vema asije mwingine akayasikia maneno yale.

"Mkanda nao una uchafu, mama. Niusafishe hapa hapa. Hauchukui hata kahawa moja."

Bi Fakhria akauvua mkanda, akaufunga katika leso, akasema anaingia nao chumbani kidogo kuuaga, maana ndiyo sauti pekee ya mumewe iliyobaki duniani. Akatoka, akampa. Akaenda jikoni kuchemsha kahawa.

Nassibu akabonyeza kitufe chekundu. Magurudumu yakazunguka taratibu, yanafuta, naye akanywa kahawa ya mwenye sauti mpaka mkanda ukaisha. Alishukuru, akasifu tangawizi, akaaga kwa adabu. Nayaandika haya ili mjue kuwa adabu nayo hubebwa mkobani pamoja na bisibisi.

Muhanna aliambiwa kuwa marehemu ametaja Kwihara, kwenye magofu ya zamani kando ya njia ya misafara, kusini mwa mwembe wa tatu. Muhanna akafunga duka, akaazima jembe, akaondoka.

Jumatatu asubuhi Bi Fakhria alimwambia kila aliyepita kuwa yeye na Masika wanakwenda Igalula kualika jamaa. Saa tatu nyumba ilikuwa imefungwa. Saa tatu na nusu Nassibu alikuwa penye mpapai, shati limetundikwa, kalamu tatu zimelala juu ya jani, sururu inapanda na kushuka.

Kwenye kina cha mkono akapata chupa ndogo iliyozibwa kwa nta, ndani yake karatasi. Akaivunja shingo. Ilikuwa Ayatul Kursiyu, kwa mwandiko mzuri. Mtu mwingine angesimama hapo akafikiri. Nassibu alifikiri kuwa kinga hiyo imewekwa kulinda kitu kikubwa kilicho chini yake, akaongeza kasi. Alichimba mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka kifuani. Udongo wa Gongoni chini ni mgumu, lakini tamaa haihitaji kupumzika.

Kivuli kikaangukia shimoni.

"Habari za kazi, ndugu fundi?"

Ni Josepha, ameshika daftari la ubalozi, nyuma yake majirani sita, nami nikiwemo, na sufuria yangu kichwani.

"Nzuri, mama balozi."

"Unachimba nini?"

Nassibu alikuwa na kipaji cha jibu la haraka, na kipaji hicho ndicho kilichommaliza. Redio za mtaa mzima mwaka ule zilihubiri vyoo asubuhi na jioni.

"Choo," akasema. "Nimeguswa na kampeni. Nikaona mama wa watu ana harusi, wageni watakuja, nikasema nijitolee."

"Kujitolea." Josepha akalowesha penseli kwa ulimi. "Kwa sababu kama si kujitolea, basi umeingia kiwanja cha mjane asiyekuwepo, na sururu ya mtu. Hilo ni la kituoni. Niandike lipi?"

Nassibu akaikumbuka baiskeli. Kisha akalikumbuka gurudumu la mbele.

"Andika kujitolea."

"Vizuri sana, ndugu. Katika nyumba zangu kumi, wasio na choo ni wanne. Hiki cha kwanza kimebakiza futi tano."

Tukampigia makofi. Sikuwahi kuona mtu anayeshangiliwa akiwa na uso kama ule. Akachimba Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na kila alipoinua kichwa kulikuwa na mama mmoja kakaa ukingoni anamenya mihogo na kumsifu. Chakula tulimpa. Asali hatukumpa.

Ijumaa ikafika. Alikuwa kwenye shimo la nne, nyumba ya pili kutoka kwa Bi Fakhria, amezama mpaka kwenye masikio. Barazani ndoa ilikuwa inafungwa. Muhanna, kwa kuwa baba hayupo, ndiye aliyekuwa walii, na alipompa bwana harusi mkono wa ndoa alikunja uso hadi watu wakadhani hampendi kijana. Yalikuwa malengelenge ya Kwihara.

Kisha Bi Fakhria akaweka tepurekoda dirishani. Nassibu, chini kule, aliacha kuchimba. Alijua ni kimya kitakachotoka, maana alikifanya yeye mwenyewe, na nadhani kwa mara ya kwanza kitu kilimchoma.

Mashine ikakohoa.

"Mimi Humaidi. Katika kiwanja changu hiki nimefukia pembe nne, kila pembe chupa moja ya dua, pembe ya mpapai, pembe ya kisima, na mbili za barabarani, ili husuda isikuingilie, Masika mwanangu. Mali sina. Babu alibeba pembe za watu wengine mpaka pwani, akarudi na mabega yake tu. Nakuachia pembe za kiwanja. Sasa inua mikono, nikuombee."

Masika akainua mikono. Sisi sote tukainua. Wengine tulikuwa tunalia na wengine tunacheka, na Bi Fakhria alifanya yote mawili.

Mkanda uliofutwa, ule uliotoka chumbani katika leso, ulikuwa wa kipindi cha redio, kilimo bora cha mihogo, sehemu ya pili.

Dua ilipokwisha, Bi Fakhria alikwenda mpaka ukingoni mwa shimo na sahani ya pilau.

"Kula, baba. Halafu ile chupa uliyoivunja, karatasi yake naitaka. Pembe moja ya nyumba yangu iko wazi."

Nassibu akaitoa mfukoni, imekunjwa. Jioni, jua bado lipo, alionekana akienda stesheni kwa miguu, na mikono yake ameiacha wazi mbali na mwili, kama mtu aliyepakwa dawa.

Wanangu, na wa wenzangu, ya kuepuka ni haya:

Fundi anayeuliza rangi ya kitambaa kabla ya kuuliza plagi.

Kutia asali, mafuta ya kula au mate ndani ya mashine yoyote.

Kumpa mtu mkanda wa pekee, hata akisifu kahawa yako.

Kitufe chekundu.

Kumwazimisha baiskeli mtu usiyejua kwao.

Kudharau fundi kwa sababu ni wa vyerehani.

Kuchukua sururu kabla msemaji hajamaliza sentensi.