Soketi ya Vali za Mzee Sufiani

Jumatatu, 9 Juni 2003
Ewe uliyefungua kurasa hizi bila ruhusa, nakusihi, neno lolote humu lisitoke kinywani mwako. Kama wewe ni Godlisten wa meza ya pili, rudisha ulipotoa.

Shirika linauzwa. Makarani tuko wawili, mimi na Godlisten. Mwekezaji anataka mmoja. Atakayechagua ni meneja, Mzee Sufiani. Sijala tangu asubuhi.

Halafu bahati: gari la Mzee, mtumba wa Japani, limewasha taa ya injini na kukosa nguvu mlimani. Nikataja kuwa nilisoma umeme shule ya ufundi. Godlisten akauliza kama nilisoma au nilipita tu. Nikapima kwa mita. Umeme haufiki kwenye kifaa kinachoongoza vali. Waya umetafunwa na panya karibu na soketi yake. Nikaunga, nikachomoa betri na kuirudisha. Taa ikazimika. Mzee akaniita mwanangu.

Jumatano, 11 Juni
Mzee hajaniita tena. Gari zima halimhitaji mtu. Nikaomba ufunguo nikaangalie maji ya rejeta, nikachomoa soketi ya vali. Mchana alinitafuta ofisi nzima. Nilipima kwa uso wa huzuni, nikachomeka. Godlisten anasema hajawahi kuona gari linalougua saa za kazi tu. Wivu.

Jumamosi, 14 Juni
Mzee katuchukua sote kijijini kwao Kinole, milimani, kumsalimia mama yake na kubeba ndizi. Wenzangu wakiwa bado kwenye shikamoo, nikachomoa. Nia ilikuwa nitengeneze mbele ya bibi. Nilisahau kwamba injini iliyotoka kupanda mlima inaunguza. Vidole viwili vimebabuka. Kurudisha soketi nikashindwa. Kwenye kilima cha kwanza gari likagoma na ndizi zake. Tukasukuma kwenye tope, Godlisten akinitaja kwa majina nisiyoyaandika. Bibi alisema kutoka barazani kwamba gari la mwanawe limejifunza uvivu wa mjini. Mwishowe nikachomeka kwa kutumia kitambaa. Likapanda kama mbuzi. Mzee akasema kweli mimi ni fundi. Nimeshinda.

Jumatatu, 16 Juni
Mzee kaniita, akafunga mlango. Hakulala, anasema, akitufikiria. Godlisten akitoka hapa hajui lolote zaidi ya kuandika barua, na ana mtoto mchanga. "Lakini wewe, mwanangu, una ufundi mkononi. Huwezi kulala njaa." Kambakiza Godlisten.

Nikamshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru. Godlisten kanikumbatia, kaahidi kuniletea wateja.

Jumanne, 17 Juni
Nimetafakari kwa makini na kosa nimeliona: nilitegemea gari moja. Leo nimezunguka sokoni palipoegeshwa mitumba ya Japani. Boneti kadhaa hazikufungwa vizuri.

Taa yako ya injini ikiwaka, njoo Mafiga, uulizie kwa Bi Chausiku muuza uji. Zunguka uani, ugonge dirisha lenye pazia la kijani. Taja rangi ya gari tu. Tatizo nitakuwa nalijua.