Unywele wa Mpwa Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa biolojia anatafuta msaidizi wa maabara. Koti jeupe! Ufunguo! Tumebaki wawili: mimi, na yule binti tunayemwita Bingwa kwa kuwa hakosei. Simpendi. Mtihani wenyewe: kufunga yai la chura katikati kwa unywele, ili yai moja lizae viluwiluwi wawili. Mwalimu kaonya kwamba unywele mgumu hupasua yai. Wangu ni waya mtupu. Jioni nikamnyoa mpwa wangu kidogo, juu ya sikio, akiwa usingizini. Ana vinywele laini vyenye wekundu. Dada hajaona.

Jumanne, 4 Machi
Nimefunga! Bingwa katumia unywele wake mwenyewe, mweusi tii. Baadaye nikachungulia kwenye hadubini. Balaa! Nusu moja ya yai langu imeshajigawa seli mbili, nne, nane, inachapa kazi. Nusu ya pili imelala fofofo. Seli moja tu, haina habari. La Bingwa linajigawa pande zote mbili. Roho ikaniuma. Alipokwenda kunawa mikono, nikabadilisha lebo za visahani. Sasa yai zuri lina jina langu. Mimi mtu hatari sana.

Jumatano, 5 Machi
Dada kauona upara wa mtoto. Akasema ni panya. Nikasema panya wa siku hizi hawana adabu. Kaleta paka. Paka analala kitandani kwangu.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya matokeo. Kisahani chenye jina langu: kiluwiluwi mmoja, na pembeni donge la tumbo. Halina kichwa wala mgongo! Mwalimu akasema aliyefunga alikosea upande, nusu moja ikakosa ile sehemu ya yai inayoanzisha mgongo.

Kisahani cha “Bingwa”: viluwiluwi wawili wazima, mmoja mdogo kidogo. Mwalimu nusura alie. Akaeleza kwamba nusu iliyochelewa haikuwa na kiini cha seli, na bila kiini hicho yai halijigawi. Fundo halikukazwa sana, kiini kimoja kikapenya kutoka nusu ya kwanza, nusu iliyolala ikaamka na kuanza safari yote tangu mwanzo. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni langu. Ningesemaje?

Akamuuliza Bingwa unywele ule mwekundu kautoa wapi. Bingwa akanitazama. Akalitazama donge langu, lililofungwa kwa unywele mweusi tii. Akajibu kwamba ni bahati tu, Mwalimu, akapokea ufunguo huku akitabasamu. Mwizi!

Jumanne, 11 Machi
Nimeosha visahani kutwa nzima. Bingwa ananisimamia, na koti limemkaa. Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona: nilibadilisha lebo, nikasahau kubadilisha nywele. Mwalimu anasema wiki ijayo atachagua msaidizi wa pili.

Mpwa wangu bado ana sikio la pili.