Shada Jekundu Mlangoni

Jumamosi, 5 Oktoba

Samahani sana, shajara. Dada yangu Corinne alikutuma kwa posta mwezi wa Januari, nikaapa nitakuandikia kila siku. Leo ndiyo kwanza. Katikati hapo Otis ameota meno, Hattie ameanza darasa la kwanza, na mimi sijanywa kikombe hata kimoja cha kahawa kikiwa bado moto. Ungekuwa mtu ungenielewa.

Nimekukumbuka leo kwa sababu kuna vita.

Mama mkwe amepiga simu. Anasema mgongo umemchosha, mwaka huu hapiki bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani mwezi ujao. Atapika mmoja wetu: mimi, au wifi yangu Marcy anayekaa mtaa wa juu. Jumapili ijayo, baada ya kanisa, atapita kutazama mabaraza yetu. Atakayekuwa amelipamba baraza lake vizuri zaidi kwa vuli, majira haya ya majani kugeuka rangi, huko ndiko ukoo mzima utakakokula. Ndivyo alivyochaguliwa yeye enzi za mama mkwe wake. Nyumba isiyovaa haialiki, anasema.

Lazima nishinde. Si kwa sifa. (Kidogo kwa sifa.) Mwaka jana tulienda kwa mama mkwe, ng'ambo ya ziwa, Otis akiwa na wiki tatu. Alitapika tangu kivukoni. Kule kulikuwa na watu kila kiti, kila kitanda, kila ngazi. Kuna jambo lililonipata siku ile sijamwambia mtu, hata Wendell mume wangu. Nikialika mimi, halitanipata tena. Basi.

Marcy hana mtoto mdogo. Ana muda, ana usingizi, na ana ngazi yake mwenyewe.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimepita kwa Marcy kwa kisingizio cha kurudisha bakuli. Upelelezi. Baraza lake tayari! Mabua ya mahindi yamefungwa kila nguzo. Maua ya vuli, ya manjano na ya zambarau, ngazi hadi ngazi. Maboga yamepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule. Mlangoni shada la dukani, majani ya kitambaa. Marcy akanikaribisha andazi la tufaha, akauliza kwa upole mwingi kama mimi nitapamba pia au mwaka huu nitapumzika. Nitapumzika! Nikala maandazi matatu kwa hasira.

Nimepata mpango. Watu wote wa hapa huchonga sura kwenye maboga yao wiki ya mwisho ya Oktoba. Mimi nimechonga leo. Mama mkwe atakuta ya Marcy ni maboga tu, yangu yana sura. Nimechonga saba. Wendell alisema ni mapema, yataoza. Nikamwuliza yeye ni fundi wa mabasi ya shule au fundi wa maboga. Akaenda zake kulala.

Mojawapo linafanana na baba mkwe, Mungu amrehemu. Sikukusudia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Joto. Joto la Julai, katikati ya Oktoba! Jimbo zima la Vermont limevaa mikono mifupi.

Maboga yote saba yameanguka kifudifudi. Ndani yameota ukungu kama manyoya ya paka. Kindi wamekula pua. Lile la baba mkwe limelainika mdomo likawa kama yeye alivyokuwa akivua meno. Hattie amelia, kisha amesimamia maziko yake. Tumelizika nyuma ya banda kwa heshima zote.

Zimebaki siku mbili na nusu, na baraza langu lina robota moja la nyasi kavu na baiskeli ya mtoto.

Nimemlaza Otis, nikakaa jikoni dirishani nikiwaza. Ndipo nikaona. Kule mwisho wa uwanja, kwenye ukuta wa zamani wa mawe, kuna mmea mtambaazi umepanda hadi juu ya mti uliokauka. Majani mekundu! Wekundu wa moto, wa damu, wa midomo ya bibi harusi. Hata mti wa jirani unaosifiwa mtaa mzima kwa wekundu wake umekuwa kama mgonjwa mbele yake. Na bure kabisa. Tangu tuhamie masika yaliyopita nauona ukiwa kijani, wala sijautia akilini.

Nimevuna kapu zima kwa mikono yangu. Watoto sikuwaruhusu kusogea, nilikuwa na mkasi mkali. Nimesuka shada kubwa kama gurudumu la gari. Wendell amelitundika aliporudi, na glavu zake za kazini mkononi, akasimama nyuma akalitazama. Amesema: aisee.

Wendell husema aisee mara moja kwa mwaka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Watu wanasimama barabarani kulitazama! Mtu wa posta amesimama. Mchungaji amepunguza mwendo.

Nimewapeleka watoto dukani, niliporudi nikaona shada limepungua upande wa kushoto. Kama limeng'atwa. Kulungu, nadhani. Wanakula kila kitu majira haya. Nimelizungusha, upande mbaya umekaa chini.

Marcy alipiga simu jioni kunisifu. Marcy! Anasema amelipita akiwa garini. Alikuwa mpole mno. Niliweka simu nikajikuna mkono.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sikulala. Mikono inawasha kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Mistari myekundu, malengelenge. Nimedhani ni sabuni mpya. Nimebadilisha sabuni. Nimedhani ni maandazi ya Marcy.

Jioni Hattie alikuwa barazani akilihesabu lile shada, jani moja moja, kwa sauti ya kuimba. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Kisha akaniuliza mbona hakuna nne. Nikasimama na sufuria mkononi.

Majani matatu, usiyaguse katu.

Kila mtoto wa nchi hii hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu. Mimi mwenyewe nilimfundisha Hattie wimbo huo Juni, nikamwonyesha na picha. Lakini kwenye picha majani yalikuwa ya kijani! Nani alijua kuwa mmea ule wa sumu, unaowasha kuliko upupu, vuli ukifika hujipamba kuliko miti yote ya Mungu?

Nimewakagua watoto kila kidole, kila kunjo la shingo. Salama. Nimewaosha mara mbili hata hivyo, nikawaambia mlango wa mbele sasa ni wa wageni tu, sisi tunapita jikoni. Hattie alitaka kujua kwa nini. Nikamwambia kwa sababu mama amesema.

Hapo mtu mwenye akili angelishusha shada. Mimi nimefikiri. Mama mkwe hagusi vitu. Hutembea na mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule, maana alikuwa mkaguzi wa shule. Atasimama, atatazama, atatamka, ataondoka. Nimelisogeza robota la nyasi mbele ya mlango asikaribie. Na mimi nitavaa glavu. Zile ndefu nyeupe za harusi yangu.

Wendell ameniambia nimweleze mama yake ukweli, yakome. Wanaume hawana uvumilivu.

Jumapili, 13 Oktoba

Nitaandika kwa kifupi, kalamu inaniuma.

Walifika saa saba mchana, mama mkwe na Marcy, maana mama alilala kwa Marcy. Joto bado. Jasho linatiririka. Nimesimama barazani na glavu hadi viwikoni kama malkia. Gari likafunguliwa, akashuka mama mkwe na kofia yake ya kanisani. Akafuata Marcy.

Marcy amevaa glavu.

Za sufu. Zenye nyota za theluji zilizofumwa.

Tukatazamana. Nikamwambia wifi karibu, naona unasikia baridi. Akanijibu asante wifi, na wewe naona unaolewa tena. Tukacheka sote wawili, kicheko kile cha meno tu.

Mama mkwe hakuangalia mikono ya mtu. Alikuwa amelitazama shada. Akasema mama yake mzazi alikuwa na mlango wenye shada la wekundu kama huu, naye hajauona tena tangu walipomzika mama huyo. Sauti yake ilibadilika. Nikajua nimeshinda. Bata mzinga ni wangu, meza ni yangu, kiti ni changu.

Kisha akaitoa mikono mgongoni. Akalipanda robota la nyasi, na umri wake ule na mgongo wake ule, akainamisha uso ili anuse.

Sikufikiri. Nilikuwa naiona ile pua nzuri ya mkaguzi imevimba.

"Mama, usiguse!" nikasema. Na palepale, sauti nyingine, neno kwa neno, ikasema, "Mama, usiguse!"

Ilikuwa ya Marcy.

Mama mkwe akabaki juu ya robota, ameinua mkono. Akanitazama mimi. Akamtazama Marcy. Miaka thelathini amekagua watoto.

"Vueni glavu," akasema.

Tukavua. Mikono minne ya aibu, yote malengelenge. Kumbe kulungu wangu ni wifi! Ijumaa aliona hakuna gari, akaja, akauchukua mkasi wangu barazani, akajikatia tawi la kuweka katikati ya meza yake. Amelitupa usiku wa jana, baada ya kuwashwa, wala hakunionya, maana angesema amejuaje kuwa ni sumu?

Mama mkwe akaketi kwenye robota. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kofia imemshukia usoni. Alipopata pumzi akaniuliza mimi, mwanangu, kwa nini uliitaka sikukuu hii hivi, hadi mtu ukae na sumu mlangoni.

Nilikuwa nimetayarisha majibu mawili ya uongo, mazuri tu. Sijui yalikwenda wapi.

"Mwaka jana kwako nilimnyonyesha Otis ndani ya kabati la makoti, mama," nikasema. "Hapakuwa na mahali. Nilikaa juu ya viatu vya watu, nikisikia mnacheka mezani. Mwaka huu nataka kukaa kwenye kiti changu."

Marcy akatazama chini. Wendell, aliyekuwa mlango wa jikoni na Otis begani, akasema hakujua. Najua hakujua.

Mama mkwe akaivua kofia, akaiweka magotini. Kisha akasema, "Ungeniambia siku ileile, ningekutolea marehemu babu yao kwenye kile kiti chenye mito. Alikuwa analala tu."

Akaamua. Sikukuu ni kwangu. Marcy ataleta viazi na mikate, na ataosha vyombo, kwa sababu ya wizi. Mimi nitapika, ila baraza halitapambwa kitu chochote ambacho mtu hajakinunua dukani, kwa sababu ya ujinga. Wendell akalishusha shada kwa glavu zake, akalifungia kwenye mfuko, wala hakulichoma. Kulichoma ni mbaya zaidi, moshi wake huingia kifuani. Alisema pia jambo kuhusu vijiti na mizizi, lakini nilikuwa nikijikuna.

Marcy alibaki kunipaka dawa ya muwasho, ile ya rangi ya waridi, mgongoni mwa mikono, nami nikampaka yeye. Ameniomba radhi. Kuhusu tawi, na kuhusu kabati: mwaka jana alinung'unika nyumba nzima kuwa koti lake halipatikani, kumbe ndilo nililomfunikia Otis.

Laiti ningesema tu tangu mwanzo. Nimelitia akilini hilo. Nimejifunza.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mikono imepona. Majani yote yamepukutika, usiku tayari kuna barafu kwenye vioo vya gari.

Leo Marcy ameniambia, kwa upole mwingi, kwamba Krismasi mama mkwe atatazama tena mabaraza, na kwamba yeye ameshaagiza taa. Ameshaagiza!

Nilikuwa namlisha Otis dirishani (kwenye kiti), nikaona kule kwenye ukuta wa mawe. Ule mtambaazi umemwaga majani yote, hakuna hata moja, kwa hiyo sasa hauna neno lolote. Umebakiwa na vitunda vidogo vyeupe, vishada vishada, kama lulu. Hakuna mtu mtaa huu mwenye shada la lulu. Na katazo la mama lilikuwa la sikukuu ile, si la hii.

Wendell haambiwi.

Corinne nitamwandikia kesho. Anitumie kabla ya Desemba:

Waya mwembamba wa kijani, mzingo mmoja.

Utepe wa mahameli mweupe, yadi tano.

Mkasi mdogo wa kukatia vijiti, ule wangu Marcy bado anao.

Dawa ile ya maji ya rangi ya waridi, chupa moja, ya kukaa tu kabatini.

Glavu asitume. Vitunda ni vidogo, vinataka vidole vitupu.