Mwanachama wa Daraja la Dhahabu

Watu walimwita Profesa, ingawa chuo kilichompa cheo hicho hakijajengwa hadi leo. Bahati ilimkuta kwa fundi cherehani, akisubiri suruali yake ipunguzwe kiuno. Fundi, mama wa maneno machache, alikuwa na tovuti ya kufundisha ushonaji. Watazamaji walikuwa tele, lakini matangazo yalimlipa hela isiyotosha hata uzi, na cherehani yake ilikuwa inakata roho.

"Matangazo yamepitwa na wakati, mama," Profesa alisema kutoka nyuma ya pazia, miguu wazi. "Weka uanachama. Anayetaka kujua kukata kola, alipie. Kila mwezi hela inakatwa yenyewe kwenye simu yake, mwenyewe keshasahau."

"Na akitaka kujitoa?"

"Kitufe cha kujitoa hatuweki. Mtu akishaingia, kaingia."

Akaipanga kazi yote jioni hiyo. Penye namba ya kupokelea ada akaandika yake, eti kwa muda, mpaka mitambo ikae sawa. Ili kumtoa fundi wasiwasi, akajiunga wa kwanza, tena daraja la dhahabu, ambalo ada yake hupangwa na mwenye tovuti apendavyo. Hela ikatoka mfuko wake wa kulia ikaingia wa kushoto, na fundi akamshukuru kwa moyo wake wa kutoa.

Wanachama wakamiminika. Fundi kila akiuliza, mitambo ilikuwa bado haijakaa sawa. Profesa aliona raha iliyoje! Hela zikamnonea kwenye simu, akachagua mji wa kuhamia, akafunga begi.

Alikuwa dirishani pa kukatia tiketi ya basi simu ilipotetema. *Ada yako ya dhahabu imepokelewa. Asante.* Mpokeaji: fundi. Salio: sifuri.

Akatafuta kitufe cha kujitoa, akakumbuka ni nani aliyekikataa. Akarudi kwa fundi mbio, begi begani.

"Mama, umenimaliza."

Fundi hakuinua macho. Mbele yake palikuwa na cherehani mpya, bado ina karatasi za dukani. "Mteja wangu alilipa ada, simu ikamwonyesha jina la aliyepokea. Akaja kuniuliza tangu lini mimi ni mwanamume. Niliumia, baba, sikufichi. Halafu nikakumbuka nywila ya tovuti ni yangu. Nikabadilisha namba, na ada ya dhahabu nikaipandisha."

"Nitakwenda polisi."

"Nenda. Uwaeleze hela zilitoka wapi."

Profesa akalishusha begi chini.

"Basi nitoe kwenye uanachama," akasema kwa sauti ndogo.

"Mtu akishaingia, kaingia." Fundi akavuta kigoda kwa mguu, akamtupia shati na sindano. "Ila dhahabu ina faida yake: mafunzo ana kwa ana, bure. Kaa. Tunaanza na vifungo."